Hisa Zilizo kwa Jina Lako

Limi mwanangu,

Umeondoka asubuhi kwenda Ngulyati kumuaga bibi yako, na mimi nimebaki dukani na joto hili la mwezi wa kumi, ambalo linafukuza wateja mpaka jua lipungue. Baba yako amepeleka begi lako kwa fundi likatiwe zipu. Ninaandika juu ya kaunta huku nimeegemea mifuko ya saruji, kwa hiyo ukiona maandishi yanapinda, ujue nilisinzia kidogo nikaamka. Unanijua. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unanivuta kanga na kuniambia, mama, rudi, kwa sababu mwili ulikuwa hapa na mimi nimeshafika kwingine.

Sikuandikii habari za kuchemsha maji ya kunywa wala za kugawa nauli mifuko miwili. Hayo umeyasikia mpaka umeyachoka, na baba yako atayarudia yote kesho stendi, dereva akipiga honi. Nakuandikia kwa sababu ya neno ulilolisema jana jioni tulipokuwa tunachambua choroko. Ulishika simu ukaniambia hisa zimeshuka tena, na kwamba ukifika Dodoma utaziuza zile zilizo kwa jina lako kabla hazijayeyuka zote, upate kompyuta ya chuo. Niliendelea na choroko zangu kana kwamba zina jambo la kuniambia. Ukadhani nimekasirika. Sikukasirika, mwanangu. Niliogopa, na nilichokiogopa sicho unachokidhania.

Nianze na babu yako Ngasa, baba yangu, maana bila yeye hisa hizi zisingekuwepo, ingawa alikufa bila kujua hisa ni kitu gani. Mtu aliyepita pale kwetu aliona mzee wa kawaida, zizi dogo, ng'ombe wachache wa maziwa na jozi ya maksai. Mali yake haikuwa pale. Aliiweka kwa watu, kama wengi wa wazee wetu walivyofanya: jike huyu kwa rafiki yake Bukundi, wale kwa shemeji yake Lalago, wengine sehemu ambazo hata mama yangu hakuzijua. Ugonjwa ukiingia Bukundi, Lalago wanabaki. Mwizi akija usiku, anakuta zizi la maskini.

Nilikuwa msichana mdogo aliponichukua kwenda Bukundi kuwatazama. Tulipanda lori lililokuwa linafuata pamba, tukamalizia kwa miguu katika ile nyika ambayo unatembea na mlima haukusogelei. Tulipofika tulisalimiana kwa muda mrefu, tukaletewa maziwa, tukakaa. Jioni ng'ombe wakarudi. Sijui nikuelezeeje, Limi. Vumbi lilikuwa la rangi ya chungwa na wao walitoka ndani yake mmoja mmoja, polepole, kama watu wanaotoka kanisani. Babu yako hakuhesabu wala hakunyoosha kidole. Alikunywa maziwa yake na kuzungumza habari za mvua. Siku ya pili tukiwa njiani kurudi ndipo aliponiuliza kama nilimwona yule mwenye baka jeupe usoni. Nikasema nilimwona. Akasema ni wetu, na njia nzima sikusikia tena miguu ikiuma.

Utaratibu ulikuwa hivi. Anayetunziwa ng'ombe ni mwenye mali, lakini anayemtunza anakunywa maziwa, analimia maksai, anachukua samadi, na baada ya miaka hupewa mtamba wake, jike mchanga wa kuanzia zizi, kwa kazi yake. Asichoruhusiwa ni kuuza. Na ng'ombe akiugua, akaonekana hana kesho, mtunzaji anamchinja kabla hajafa mwenyewe, kisha anamfungia safari mwenye mali na kumpelekea nyama na ngozi. Ngozi ndiyo inayosema kwamba hakuiba. Mtu aliyeleta ngozi hapelekwi kwa mtu yeyote kushtakiwa, anapewa maji ya kunywa na pole ya safari.

Babu yako alipofariki, ng'ombe waligawanywa kwa watoto wa kiume. Mimi nilikuwa wa kuolewa, na hata wale ng'ombe wa mahari yangu niliwaona wakipita tu kwenda zizini kwa wengine. Sikulalamika, ndivyo ilivyokuwa. Ila kwa miaka mingi nimekuwa nikiliota lile vumbi la Bukundi. Katika ndoto ng'ombe wanarudi bila sauti yoyote, hata kengele hazilii, nami ninasimama mlangoni bila kujua ni wepi walio wangu.

Sasa utaelewa kwa nini siku ile gari la matangazo lilipopita Bariadi likisema kampuni ya saruji inauzia wananchi hisa, mimi nilitoka dukani na peni sikioni. Nilikuwa nimekubeba mgongoni. Kijana aliyekuwa anagawa fomu alinieleza vizuri: hisa ni kipande chako cha kampuni, na mwaka ikipata faida unapewa gawio lako. Nikamuuliza, kana kwamba naulizia ng'ombe, je, gawio nikilila, kipande kinabaki? Akasema kinabaki. Nikaelewa mara moja. Shida yangu, mwanangu, ni kwamba nilielewa haraka mno.

Kampuni yenyewe sikuichagua kwa ubashiri. Nilikuwa nauza saruji yao. Lori likishusha leo, baada ya siku chache naona sakafu ya duka. Mwaka ambao bei ya pamba ilikuwa ya kusikitisha watu bado walikuja, mfuko mmoja mmoja kwenye baiskeli, chumba kinasimama leo na kingine mwakani. Hata kaburi linataka saruji. Niliona kitu ambacho watu wa mjini waliokuwa wanauza kipande hicho kwa bei ile ndogo huenda hawakukiona, kwa sababu wao hawakai hapa mchana kutwa wakitazama mifuko ikiondoka. Hiyo sehemu sikukosea, na naisema bila aibu.

Nilikosea kwingine. Hela ya shamba langu la pamba yote niliiweka pale, na nikaigawa kama alivyogawa babu yako: nyingine kwa jina langu, nyingine kwa jina la mjomba wako Maduhu kule Lalago, na nyingine kwa jina lako, mtoto hujaota hata jino. Baba yako alikataa jina lake kutumika. Alisema haweki jina kwenye kitu asichoweza kukipiga kofi mgongoni. Mimi nikajiona mjanja, mifugo yangu iko mazizi matatu. Kumbe zizi lilikuwa moja, lile la kampuni, na ikikohoa inakohoa kwa majina yote matatu siku ileile. Ningetaka kuigawa kama babu, ningenunua za saruji kidogo, za benki kidogo, za sukari kidogo. Hakuna aliyenieleza kwa sababu sikumuuliza mtu. Nani amuulize mtu kuhusu ng'ombe, na yeye ni mtoto wa Ngasa?

Maduhu nilimfuata kwake. Tulikaa nje ya nyumba yake, mkewe akatuletea matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, na chai, nikamwambia zile hisa ni zangu lakini ziko kwako, gawio likija kula, ila usiuze. Akaitikia kwa kichwa. Hatukuandikiana kitu. Unajua anavyotabasamu mjomba wako, anatabasamu kwa macho mdomo ukiwa umefungwa. Alikuwa amefurahi kwamba nimemwamini. Na gawio lilipokuja alinunua chumvi ya ng'ombe, kisha msimu wa mavuno akaniletea gunia la mpunga ambalo sikumwomba.

Ukaja mwaka mbaya. Saruji nyingine ya bei rahisi iliingia sokoni, tanuru la kiwanda likaharibika, kampuni ikakopa kulitengeneza, na gawio halikuja. Bei ya hisa ikashuka. Ikashuka tena. Nilikuwa naisikiliza redio kama mtu anayesikiliza habari za mgonjwa wa nyumbani. Wateja wenye hisa kama mimi walikuwa wanakuja dukani kununua misumari, wanabaki kunong'ona.

Siku moja ya gulio Maduhu alikuja na pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Nilimpa kiti na maji. Tulisalimiana, tukaulizana habari za watoto na mifugo mpaka zikaisha. Ndipo akaingiza mkono ndani ya shati, akatoa karatasi ya dalali wa hisa iliyokunjwa vizuri, akaiweka mbele yangu. Juu yake akaweka hela zilizofungwa kwenye mfuko wa nailoni.

Akasema, "Dada, ilikuwa inakufa. Nimeichinja kabla haijafa yenyewe. Ngozi ni hii."

Alikuwa ameketi amenyooka mgongo. Nauli ya kwenda Mwanza kwa dalali ilikuwa yake, na katika zile hela hakuwa amegusa hata noti moja. Kwa yote tuliyofundishwa na baba yetu, alikuwa amefanya sawasawa.

Mimi nikamwita mwizi. Nilimwita mbele ya wateja, na mbele yako, ukiwa umekaa juu ya mifuko hapa na kikombe chako cha uji. Nilimwambia umekula mali yangu kwa bei ya kutupa, nani alikutuma. Alisimama, akaacha karatasi, akaacha hela, na maji niliyompa akayaacha hajayagusa. Unajua kwetu kuacha maji namna ile ni kukata undugu. Tangu hapo tumekuwa tukionana naye misibani, tunasalimiana kama majirani wa mbali, na wewe umekua ukimjua mjomba wako kama mtu wa kwenye matanga. Hilo nalijutia kuliko hasara yoyote niliyowahi kuipata.

Hadithi uliyoisikia nyumbani ni nyingine. Umesikia kwamba mwaka ule Maduhu aliogopa akauza, lakini mama alikaza moyo, na gawio liliporudi ndilo lililoezeka nyumba na kukusomesha. Baba yako huwasimulia wageni kabla hata chai haijamiminwa. Mama Limi ana moyo wa jiwe, anasema, na mimi natabasamu nakwenda jikoni. Na jana uliposema unataka kuuza, sauti yako ilishuka, kwa sababu ulidhani unazungumza na mwanamke huyo wa moyo wa jiwe. Mwanamke huyo hayupo, Limi. Hajawahi kuwepo.

Wiki ileile, kabla Maduhu hajaja, nilikuwa nimekwenda Mwanza. Nilimwambia baba yako nafuata mabati. Nilikwenda kwa dalali wa hisa, nikakaa kwenye benchi chini ya feni inayozunguka bila kutoa upepo, nikajaza karatasi ya kuuza zote, zangu na zako. Kiganja kilikuwa kimelowa mpaka karatasi ikapata doa. Nilikuwa naona vumbi tu na hakuna kitu kinachotoka ndani yake. Dalali akaniuliza ninauza kwa bei gani. Sasa mimi ni mtu wa mnadani, na mnadani nani anayetaja bei yake ya mwisho mwanzoni? Nikataja ya juu kuliko iliyokuwepo. Akaniambia, mama, kwa bei hiyo utasubiri. Nikamwambia nitasubiri. Kisha nikanunua mabati kidogo ya kweli, ili uongo wangu uwe na kitu cha kushusha kwenye basi.

Kwa hiyo Maduhu alipokuja na ngozi yake, mimi nilikuwa kwenye foleni ileile aliyotoka yeye. Nilimwita mwizi huku mkono wangu una wino wa kosa lilelile. Ile hasira yote ilikuwa aibu, imevaa nguo nyingine.

Siku iliyofuata nilimpigia dalali nikamwambia afute, siuzi tena. Usidhani nilikuwa nimepata imani ghafla. Nilijua tu kwamba nikiuza nitakuwa nimekiri kwamba Maduhu yuko sahihi, na mdomo wangu ulikuwa umeshasema nilichosema. Kiburi ndicho kilichokaa na zile hisa, wala haukuwa uvumilivu. Nikamuuliza dalali, kwa kuuliza tu, kama kulikuwa na mnunuzi yeyote siku zile. Akasema alikuwepo mmoja tu, na huyo alichukua za mtu aliyekubali bei ya chini.

Niliweka simu chini nikakaa hapahapa nilipokaa leo. Nilijua ni za nani zilizochukuliwa. Yule mnunuzi mmoja angeweza kupanda mpaka kwenye bei yangu. Hakuwa na sababu, kwa kuwa mdogo wangu alikuwa mbele yangu na mali rahisi. Maduhu alisimama kati yangu na mnunuzi bila kujua, na kila gawio nililokula baada ya hapo nimelila kwa sababu yeye aliuza. Nimelijua hilo miaka yote hii, na nimeacha baba yako awasimulie wageni.

Basi huo ndio moyo wa jiwe. Nimekusimulia ili usishike hisa zako kwa kuogopa uso wangu, wala usiuze ukidhani wewe peke yako katika ukoo huu ndiye mwoga.

Tanuru lilitengenezwa. Gawio lilirudi dogo, la kununulia sabuni, kisha likawa la maana. Bei ilipanda, ikashuka, ikapanda, na sasa imeshuka tena kama ulivyoona. Nilizoea. Kuna miaka nilisahau kabisa kuiangalia bei, nikawa naona tu ujumbe wa benki kwamba gawio limeingia, kama mtu anayesikia maziwa yakikamuliwa nje asubuhi na yeye bado yuko kitandani.

Lakini hisa si ng'ombe, na hapo ndipo elimu ya babu yako inaponiachia mkono. Kitu kimoja tu chake bado nakitumia. Mwezi kama huu ng'ombe wote ni mbavu. Wanapita hapa mbele ya duka kwenda mnadani, nawaona sasa hivi ninavyoandika, na wenyewe wanauza kwa sababu nyumbani unga umekwisha. Wanunuzi wa mbali wanalijua hilo, ndiyo maana malori yao huja mwezi wa kumi. Babu alikuwa haangalii mbavu. Anagusa pua kama ina unyevu, anafunua kope, kisha anajitenga na kusubiri amwone kama anacheua. Aliyekonda akicheua, anamnunua. Aliyenona asiyecheua, anamwacha na kumpa pole mwenyewe.

Kwa hiyo nami bei siiangalii sana. Naangalia mifuko inavyoondoka dukani. Nasoma kile kitabu cha hesabu ambacho kampuni hutoa kila mwaka, polepole na kikokotoo, na nisipoelewa nampelekea mwalimu wa hesabu wa pale sekondari, ananicheka kisha ananieleza. Natafuta deni limekua au limepungua, na gawio wanalotoa linatoka kwenye faida au wamekopa ili tuwaone wazima. Kwa macho yangu mwaka huu kampuni imekonda na inacheua. Watu wananilalamikia bei ya saruji, lakini wanalalamika huku wanapakia.

Naweza kuwa nimekosea. Zipo kampuni zilizokufa kweli, na watu waliosema tuwe wavumilivu wakabaki na karatasi. Sina mkono wa kugusa pua ya kitu kilicho mbali namna ile. Ninalolijua kwa hakika ni kwamba walioumia sana mwaka ule ni waliokuwa wameweka hela ya ada na hela ya mbegu, na mwezi wa kumi wao ukawakuta hawana unga. Hao hawakuwa na nafasi ya kufikiri. Wewe unayo nafasi. Chakula chako na hosteli vimelipwa, nimehakikisha, na hela hiyo haikutoka kwenye hisa.

Kompyuta ni hitaji la kweli, sikatai. Ila ulisema maneno mawili jana, la kompyuta na la kuyeyuka, na lile la pili ulilisema kwanza. Ukiwa umetulia kule, umeshawajua wenzako wa chumbani na umeshajua duka lenye vitumbua vizuri, jiulize ni lipi kati ya hayo mawili linalouza. Kama ni kompyuta, unaweza kuuza kidogo na kubakiza. Kama ni hofu, mimi ninaifahamu hofu hiyo, ninaijua hadi benchi lake. Haina haraka kama inavyojifanya.

Nilisinzia. Niliamka kalamu imechora mstari mpaka ukingoni, utauona hapo pembeni. Nimeota tena wale ng'ombe wa Bukundi wakirudi, na safari hii kengele zilikuwa zinalia. Nadhani ni kwa sababu ya nilichokifanya leo baada ya wewe kuondoka, nami sasa nakuambia.

Nilimpigia simu mjomba wako.

"Mwadila dada," akanisalimia kwa kilugha chetu, na sauti ilikuwa ya mtu anayejiandaa kusikia msiba, maana sijawahi kumpigia kwa jambo jingine. Nikamwambia hakuna aliyekufa. Kisha nikamweleza yote, Mwanza, benchi, bei niliyoitaja, mabati, na yule mnunuzi mmoja. Nilisema kwa haraka kwa sababu nilijua nikipumua nitanyamaza. Nilipomaliza nilisikia ndama wake akilia na mtu akipasua kuni.

"Kwa hiyo siku ile na wewe ulikuwa mnadani," akasema.

"Nilikuwepo."

"Ukataja bei kubwa."

"Kubwa sana."

Akacheka. Limi, alicheka kile kicheko cha utotoni, ambacho kilikuwa kinamfanya babu yako atoke nje na fimbo kuuliza kuna nini. Na mimi nikalia. Kulikuwa na mteja anataka misumari ya inchi tatu, nikampimia nikiwa nalia, na nadhani ameondoka na mingi kuliko aliyolipia. Nilimwomba msamaha Maduhu kwa neno lile nililomwita. Akasema tayari limezeeka. Halafu akauliza mtoto anaondoka lini, nikamwambia kesho na basi la alfajiri. Akasema basi likisimama Maswa yeye atakuwepo pale stendi. Yaani atatoka Lalago na giza kwa ajili yako. Ukimwona shuka, umpigie goti kama unavyompigia bibi, na kama dereva akinung'unika mwache anung'unike. Usimwambie habari za bei. Mwache akutazame tu, hajakutazama kwa nafasi tangu ukiwa na kikombe cha uji.

Wiki ijayo nitauza choroko zetu, na sehemu yake nitanunulia hisa. Zilezile za saruji, kwa bei hii ambayo watu wanaikimbia, maana nikisema ni nzuri kwako halafu mimi nisiguse, nitakuwa naongea tu. Nitaziandika kwa jina la Maduhu. Safari hii sizitunzishi kwake. Ni zake, ni mtamba wake ambao nilimdhulumu, na nimemwambia hivyo kwenye simu. Akiziuza siku inayofuata, ataziuza, na akija hapa nitampa maji.

Na zako ni zako. Tangu zamani nilikuwa nadhani, bila kusema, kwamba nimeziweka tu kwako na siku moja nitakuja kuziangalia jioni na kukuambia, kama babu, ni wetu. Hilo ndilo nililoliogopa jana kwenye choroko. Sikuogopa kwamba utauza, niliogopa kwamba ukiuza ningefungua mdomo na kukuita kile nilichomwita ndugu yangu. Nimejipima leo mchana kutwa. Sitakuita hivyo. Uza, usiuze, bei ipande, ishuke mpaka chini kabisa, mimi nikikupigia simu nitakuuliza kama umekula.

Mama yako